Balozi Aliyelala Kwenye Kaburi la Watu

Nipeni masikio, niwape mzigo. Ni mzigo wa kifuani, na ukishaupokea hutautua mpaka utaje jina la mtu. Nimeutembeza misibani, nimeutembeza harusini, hata mahakamani niliufungua nikisubiri kesi ya mbuzi wangu. Hakimu alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaahirisha kesi. Mimi shule niliishia darasa la sita, tena si kwa ujinga, ni mwalimu aliyeishiwa. Lakini jambo hili limewatoa jasho wenye vyeti ukutani, kwa hiyo ukishindwa usione haya. Utakuwa na wenzako.

Basi walikuwepo watu watatu, wenyeji wa nchi iitwayo Rumeta, wakifanya kazi kwenye ubalozi wa nchi jirani ya Kavindi.

Wa kwanza ni Mzee Matula, mpishi. Kipawa chake kilikuwa jicho. Kula mbele yake mara moja tu, naye atakwambia kwenu ni wapi, nani alikulea, na kama umetoka nyumbani kwa amani au mmeachana na mkeo mmenuniana.

Wa pili ni Kalunde, dereva, mwanamke wa makamo mwenye viganja vya mfua vyuma. Kipawa chake kilikuwa mikono. Kalunde hakuwa mtu wa kuuliza njia. Njia ndizo zilimuuliza yeye atapita saa ngapi.

Wa tatu ni Fungameza, tarishi, mpeleka barua. Kipawa chake kilikuwa ulimi. Alikuwa na uwezo wa kumtukana mtu asubuhi, na kabla ya adhuhuri mtu huyo akaja kwake na kuku wa kumshukuru.

Bosi wao alikuwa Balozi Ndimila. Huyu sasa lazima nimweleze vizuri, maana yeye ndiye mwenye kalamu.

Ndimila alizaliwa hapo hapo Rumeta. Alipokuwa na miaka tisa vita viliingia kijijini kwao, akakimbia na majirani mpaka daraja la mto Lukwi. Ng'ambo ya daraja ni Kavindi. Mlinzi wa Kavindi alikuwa na lori lililojaa watu, imebaki nafasi ya kiuno kimoja. Chini walisimama watoto watatu: Ndimila na wengine wawili ambao hata majina yao hakuyajua. Mlinzi aliwatazama, akanyoosha kidole. "Wewe." Ndimila akapanda, lori likaondoka. Kwa nini yeye? Hakuambiwa. Wale wawili waliishia wapi? Hajui mpaka kesho.

Kavindi ikamlea. Kambini alijifunza kusema polepole, maana mgeni hapazi sauti. Shuleni alijifunza kuwa wa kwanza, maana mgeni akiwa wa pili anaulizwa amekuja kufanya nini. Alipotimiza miaka ishirini na miwili aliinua mkono, akaapa, akapewa uraia. Wizara ya Mambo ya Nje ilimwajiri kufungua bahasha. Akapanda, akapanda. Wakampeleka kwenye nchi za baridi, huko akajifunza kula samaki kwa kisu, na kumkatalia mtu ombi lake saa nzima bila neno "hapana" kutoka mdomoni. Nywele zilipoanza kuwa na mvi akawa balozi kamili, na Kavindi ikamwambia, "Nenda Rumeta. Wewe ndiye unayewajua."

Lo! Aliwajua kama mtu anavyolijua tumbo la mama yake. Alitoka humo, lakini hakumbuki kitu.

Mwezi wa nane wa kazi yake, balaa likashuka. Rumeta ilikuwa ikitawaliwa na Jemadari Gwasuma, mtu ambaye akikohoa, mji mzima unashika kifua. Gwasuma alikamata malori ya chumvi kutoka Kavindi, akawatupa ndani madereva ishirini na sita, akatangaza kwamba ni wapelelezi. Watapigwa risasi Ijumaa, saa sita mchana.

Jumanne Ndimila akaenda kumwona. Alivaa suti nyeusi, akainama mpaka tai ikagusa zulia.

"Mheshimiwa Jemadari, kwa heshima na taadhima, nchi yangu inaomba..."

Alisema kwa nusu saa, maneno yote yamepigwa pasi. Jemadari alimtazama kwa namna ya ajabu, kama mtu aliyenyoosha mkono apewe mkono, akaachwa nao hewani. Kisha uso ukamjia giza.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mheshimiwa."

"Basi na wao wamekwisha. Ijumaa."

Ndimila akarudi ubalozini, akapekua kila neno alilosema kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele. Hakuona kosa. Jumatano redio ikatangaza kwamba mama yake Jemadari amefariki, atazikwa Alhamisi saa nane mchana kijijini Isomba. Ofisi zote zimefungwa. Hakuna tena wa kumwomba.

Sasa shikeni hapo.

Alhamisi asubuhi Mzee Matula alimwekea Balozi ugali na mlenda. Tangu Jumanne Balozi alikuwa hajala. Akakata tonge la kwanza, akaligusisha chumvi, akaliweka ukingoni mwa sahani. Akaanza kula la pili, macho yako dirishani.

"Hilo tonge la nani?" Matula akauliza.

"Tonge gani?"

"Hilo la pembeni. Unaliacha kila siku. Mwezi wa nane huu nakutazama, nimenyamaza."

"Mazoea tu, Mzee Matula. Mama alikuwa akifanya hivyo."

Matula akaenda mlangoni, akachungulia, akafunga. Maana sheria ya Gwasuma ilikuwa wazi: mwenyeji wa kupeleka habari za ndani kwenye ubalozi, kamba yake iko tayari. Akarudi, akavuta kiti, akaketi. Mpishi, meza moja na balozi!

"Mama yako alikuwa Mhemya. Ni Wahemya peke yao wanaomwekea tonge aliye njiani. Na Gwasuma ni Mnzari. Baba, Wahemya na Wanzari ni watani tangu mababu! Wanatukanana, wananyang'anyana kofia, ila mmoja hamwagi damu ya mwenzake. Jina lako tu lilimwambia wewe ni nani. Jumanne alikaa pale anangoja umwambie ana kichwa kama chungu. Wewe ukamwita Mheshimiwa!"

"Nilimheshimu."

"Ulimkana! Mtani akikuinamia amekuambia hamjuani. Mbele ya maofisa wake! Mimi ningekufukuza na mbwa."

Balozi akaweka mkono kichwani. "Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Uliniuliza? Uliomba chai. Sasa sikiliza. Leo wanazika. Mtani akilala kaburini, maiti haishuki mpaka apewe anachotaka. Hata angekuwa mfalme. Ila mtani haombei jirani, anaomba kilicho cha nyumba yake. Wale madereva ni wa nyumba yako. Si mimi wa kulala pale, ni wewe."

Hiyo ndiyo kazi ya Matula. Bila jicho lake, Balozi angekuwa bado anaandika barua.

Kalunde akaitwa. Isomba ni kilomita mia na ishirini, saa ilikuwa nne na nusu, na mabalozi walikuwa wamekatazwa kuvuka mpaka wa mji. Kalunde alichomoa bendera kwenye gari la ubalozi, akaiweka mezani, akaliacha gari lenyewe. Akachukua pikapu ya kuletea mboga. Balozi akalazwa nyuma na suti yake nyeusi, juu yake maturubai, juu ya maturubai magunia mawili ya viazi. Fungameza akapanda mbele na barua ya rambirambi, kama tarishi yeyote.

Kizuizi cha kwanza, askari akauliza, "Umebeba nini, mama?"

"Balozi," Kalunde akasema.

"Wa wapi?"

"Wa Kavindi. Amelala chini ya viazi."

Askari akacheka mpaka bunduki ikamteleza begani. "Mpe salamu zangu!" Akainua gogo wakapita, lakini namba ya pikapu aliiandika. Iandikeni na nyie, tutaihitaji.

Kizuizi cha pili hakikuwa cha utani. Wanajeshi walikuwa wakichoma magunia kwa vyuma vyenye ncha, gunia moja baada ya lingine. Kalunde aliwaona kwa mbali, akakata kona, akaingia kwenye njia ya zamani ya reli. Gari juu ya mataruma! Lilitikisika mpaka Fungameza akameza kipande cha jino. Wakafika daraja la reli, halina kingo, chini kuna korongo la urefu wa minazi mitatu.

"Dada Kalunde," Fungameza akasema, "mimi nina mke."

"Una wawili. Fumba macho."

Katikati ya daraja tairi la nyuma likapasuka. Gari likavuta kushoto, gurudumu likaning'inia hewani. Kiazi kimoja kilidondoka, na Fungameza aliapa hakusikia kikifika chini. Kalunde hakupiga kelele, hakukanyaga breki. Alishika usukani kama mtu anayemkamata ng'ombe pembe, akalirudisha kidogo kidogo, wakavuka kwa rimu. Isomba waliingia saa nane kasoro robo.

Hiyo ndiyo kazi ya Kalunde. Bila mikono yake, Balozi angefika kukuta udongo umeshashindiliwa.

Msibani kulikuwa na watu elfu, na askari kama siafu. Jeneza lilikuwa limeshawekwa ukingoni. Ndimila akashuka nyuma ya pikapu, suti imejaa vumbi la viazi, akapita katikati ya watu kama mwenye haraka ya choo. Kabla hawajamshika, akaruka. Pu! Akalala chali ndani ya kaburi.

Vilio vikakatika. Bunduki zikalia kwacha-kwacha, midomo yake yote inatazama shimoni. Jemadari Gwasuma akasogea mpaka ukingoni, macho mekundu.

"Nani huyo, kwenye nyumba ya mama yangu?"

Mila inasema hapo mtani ajibu, na neno la kwanza liwe tusi. Likiwa la adabu, huyo si mtani, ni mnajisi wa kaburi, na shimo anabaki nalo yeye. Ndimila akafungua mdomo. Akautafuta ulimi wa mama yake. Kumbukeni, miaka arobaini na zaidi kinywa kile kilikuwa kimefundishwa heshima tu! Hakikutoka kitu. Akafunga, akafungua tena, kama samaki aliyetupwa mchangani.

Jemadari akainua mkono. Ukishuka ule, basi.

"Bubu!" Sauti ilitoka kwenye umati. Ni Fungameza. Sasa jueni kwamba Fungameza alikuwa Mnzari, tena wa ukoo ule ule wa Jemadari, na kupaza sauti kabla ya mkuu wa ukoo ni kosa la kufukuzwa. Akapasua watu mpaka mbele, mikono kiunoni. "Jamani, nani amewahi kumwona Mhemya bubu? Mtazameni! Kwao hakuna kitanda, amesikia Wanzari tumechimba, amekuja kulala! Wewe, mama yako hakukufundisha kuongea, au naye alikuwa anangoja apewe karatasi asome?"

Mama yake. Hapo palimchoma. Ndimila akainuka akakaa, uso umejaa udongo, na kitu kilichokuwa kimefungwa tangu darajani kikafunguka.

"Mama yangu alikuwa na ulimi! Uliisha kwa kuwafukuza Wanzari jikoni, wezi wa masizi nyie! Na wewe Gwasuma, kichwa kama chungu kilichopikiwa kwato, unalia nini? Mama yako amefumba macho kwa sababu amechoka kuitazama hiyo sura!"

Ndugu zangu, hapo hata inzi walitua.

Bega la Jemadari likatikisika. Likatikisika tena. Kisha mtu yule akacheka, akacheka huku machozi yakimshuka, akapiga magoti ukingoni mwa kaburi.

"Mtani! Miaka yote hiyo ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda kuoga. Mlivyokuwa mnanuka, ilibidi niende mbali."

"Utatoka kwa nini? Nikupe mbuzi?"

"Mbuzi mwachie, ndiye pekee mwenye akili nyumbani kwako. Nataka watu wangu ishirini na sita."

Jemadari akaliangalia jeneza. Akauangalia umati. "Wachukue," akasema. "Umpishe mama."

Hiyo ndiyo kazi ya Fungameza. Bila ulimi wake, kaburi lile lingezika wawili.

Mngependa niishie hapo, eh? Hata mimi. Lakini Jemadari alipompa Balozi mkono kumtoa shimoni, alimvuta karibu, akamnong'oneza.

"Nimetoa mbele ya mama, sirudi nyuma. Lakini nimechekeshwa mbele ya jeshi langu, na Jumanne hukujua kitu. Jumamosi jioni tunaanua matanga. Tukishaanua nitauliza: nani alikuambia, nani alikuleta, na nani wa ukoo wangu alikufungua mdomo. Wewe mtani, sikugusi. Wao si watani wangu."

Ijumaa madereva wakavuka Lukwi wakiimba. Jumamosi asubuhi Kavindi ikatuma mfuko wa barua: ubalozi ufungwe, Balozi arudi leo, daraja litafungwa saa sita mchana. Na kwa shukrani ya taifa, mwenyeji mmoja aliyewaokoa madereva apewe uraia. Cheti kiko ndani, mhuri umepigwa, sahihi ipo. Limeachwa pengo la jina moja.

Wakapanda gari wote wanne. Wakafika darajani. Ndiyo, daraja lile lile. Upande wa pili ofisa kijana wa Kavindi alikuwa amesimama kwenye mstari mweupe.

"Karibu nyumbani, Balozi. Jina tafadhali."

"Wako watatu."

"Karatasi ni moja, Mheshimiwa. Si mimi niliyeitunga."

Najua mnachotaka kusema, nimeshausikia ujanja wote. Achane cheti vipande vitatu? Karatasi iliyochanwa haivushi hata kuku. Awafiche kwenye buti? Wanapitisha kioo chini na mkono juu. Balozi abaki, mmoja apite kwa pasi yake? Pasi ina picha, na Matula hafanani na mtu aliyekula samaki kwa kisu. Tulieni.

Balozi akaweka cheti juu ya boneti. Akatoa kalamu. Akawageukia.

"Semeni wenyewe."

"Mimi ni mzee," Matula akasema. "Miaka yangu iliyobaki ni michache. Lakini hiyo michache ni yangu, Balozi. Mimi ndiye niliyefunga ule mlango nikakaa. Kila kitu kilianzia mezani kwangu."

"Habari isiyo na miguu ni umbea, Mzee wangu," Kalunde akasema. "Ungeisimulia jikoni mpaka Ijumaa saa sita. Mimi nimewavusha kwa rimu. Na namba ya pikapu wanayo, nikirudi mjini sifiki hata kwenye taa za kwanza. Ila Balozi, ukiniandika kwa kunihurumia kwamba mimi ni mwanamke, nafuta mwenyewe."

"Mlimfikisha, sawa," Fungameza akasema. "Mlimfikisha bubu. Mngekuwa mmemletea Gwasuma maiti ya pili, tena inayojiendea yenyewe. Nyinyi mkikamatwa mtaitwa wasaliti wa nchi. Mimi nimemsaliti ndugu, kwenye kaburi la mama yake. Mnadhani nani ataanza kuulizwa?"

"Utaanza wewe," Kalunde akamwambia, "maana hutaweza kunyamaza."

Wakacheka, wote wanne. Kisha hakuna aliyecheka tena, maana saa ya ofisa ilikuwa inasikika.

Ndimila alitazama kwenye daraja, pale lori liliposimama siku ile. Maisha yake yote, shule, kiapo, suti, nchi za baridi, yalitoka kwenye kidole kimoja cha mtu aliyekuwa na haraka. Siku zote alijiambia kwamba angelikuwa yeye mwenye kidole, angejua namna ya kuchagua. Sasa kidole kilikuwa chake.

Mzee Matula akasema taratibu, bila hasira, "Baba, kila siku umeweka tonge moja kwa aliye njiani. Leo tuko njiani watatu, na tonge bado ni moja."

"Saa sita kasoro dakika nne," ofisa akasema. "Balozi. Jina."

Balozi akainama juu ya cheti, na mimi nimefika mwisho wa ninachokijua. Aliyenisimulia alikuwa mmoja wa madereva ishirini na sita, amekaa ng'ambo anatazama. Anasema hapo upepo ulimwingizia vumbi machoni, na alipomaliza kuyafikicha gogo lilikuwa limeshashuka.

Jicho lililojua, mikono iliyofikisha, ulimi uliofungua. Msinipe jibu la "wote", wote ndilo jibu la mtu asiye na kalamu mkononi. Nimekupa wewe kalamu. Zimebaki dakika nne, na watatu wale wanakutazama.

Haya, andika. Unaandika jina la nani?